Vita Viliishia Mtoni

Ukiwauliza wazee wa Homa Bay habari za vita vya kale, watakutajia Gor Mahia, yaani Gor wa Ogada, mganga wa Kanyamwa kule Ndhiwa ambaye klabu ya kandanda ilichukua jina lake mwaka 1968. Mganga tunamjua. Kijana wa kawaida aliyepakwa dawa na waganga wa aina yake, akashika mkuki na kwenda, ndiye asiyetajwa.

Kijana huyo hakuwa askari wa kulipwa. Katika karne ya 19 Wajaluo wa kusini mwa Ghuba ya Winam hawakuwa na jeshi la kudumu, wala marika ya morani kama Wamaasai. Alilima na kuchunga. Baragumu ikilia, alitoka na wanaume wa ukoo wake, kila mmoja na silaha zake mwenyewe: mkuki, rungu, na ngao ya ngozi ya nyati. Mshahara ulikuwa ng'ombe waliotekwa. Aliopigana nao walikuwa Wakisii, Wakuria, Wamaasai, na, tusifiche, Wajaluo wenzake wa ukoo wa pili.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kulinda. Hili utalielewa vizuri ukifika Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, maboma ya mawe yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake hufikia mita 4 na ushei, zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na inadhaniwa zilianza kujengwa karne ya 16. Jamii mbalimbali zilipokezana kuishi humo hadi karne iliyopita. Tazama mlango. Ni mwembamba na mfupi, lazima uiname kupita, na anayeingia ameinama hawezi kuinua ngao wala kurusha mkuki. Mlinzi aliyemngoja ndani hakuhitaji kuwa shujaa.

Lakini kwangu mimi sehemu nzito ya utumishi wake ilianza baada ya mapigano. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1915, aliandika jinsi Waniloti wa Kavirondo, kama Wajaluo walivyoitwa na wakoloni, walivyomtendea mtu aliyeua. Hakuruhusiwa kuingia nyumbani. Alitengwa katika kibanda pamoja na bibi kizee aliyempikia na kumlisha, kwa sababu mikono yake haikutakiwa kugusa chakula. Hebu fikiria mwanamume mwenye misuli, jana yake akipiga kelele za vita, leo anafunua kinywa apewe tonge. Baada ya siku chache alipelekwa mtoni na mwanamume mwingine. Akaoshwa mwili mzima, mbuzi akachinjwa, naye akalishwa nyama. Kisha ngozi ya mbuzi ikachanwa vipande, akavishwa kichwani na mikononi. Ibada yote ilipokamilika ndipo aliporudi kwa watu wake. Waliamini kwamba bila hayo roho ya marehemu ingeendelea kumwandama muuaji.

Wataalamu wa leo wa majeraha ya vita wangeyaeleza haya kwa lugha nyingine. Mimi navutiwa zaidi na huyo msindikizaji aliyemwongoza hadi mtoni.

Wapo ambao hawakurudi kabisa. Mtu akipotea na mwili usipatikane, Wajaluo huzika tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia kama soseji, na kaburi huhesabiwa kuwa lake. Na mwanamume akifa, hata kama alikuwa karani maisha yake yote, ng'ombe huswagwa nje ya boma katika desturi iitwayo tero buru, vijana wakikimbia na fimbo na mikuki kumfukuza adui asiyeonekana.