Yangeyange Hapakwi Rangi Nyeupe

Boksi nyingi za rangi za maji huja na kidonge cheupe, na anayeanza kuchora yangeyange hukikimbilia hicho. Akiache. Rangi ya maji hung'aa kwa sababu ni nyepesi: mwanga huipenya, hugonga karatasi na kurudi machoni. Rangi nyeupe huiziba njia hiyo, ikikauka hubaki imefifia. Weupe wa ndege ni karatasi yenyewe, kwa hiyo utapaka kila kitu isipokuwa ndege.

Ndiyo maana kilicho nyuma yake kina kazi kubwa. Mbele ya anga tupu, yangeyange hupotea. John James Audubon alipomchora yangeyange wa Marekani mwaka 1832 huko South Carolina, mandhari aliachiwa msaidizi wake, George Lehman, na ndege yule anawaka mbele yake. Kwetu yupo yule anayefuata ng'ombe, akidaka panzi wanaotimuliwa na kwato. Nyasi, au ubavu wa ng'ombe mweusi, vinatosha.

Mchore kwa penseli, kidogo tu, kisha paka nyasi mpaka ukingoni mwa mwili. Sasa mtazame vizuri: tumbo lake si jeupe hata kidogo. Nyasi zinalirushia umanjano wa kijani, na upande wa mgongo ulio kivulini unachukua bluu ya anga. Changanya bluu ya altramarini na kahawia yenye wekundu, kwa maji mengi, ujaribu kwenye kipande cha pembeni. Ikiwa mbichi ionekane nzito kuliko unavyotaka, maana ikikauka itapauka. Ishushe kutoka chini ya bawa hadi tumboni kwa mkupuo mmoja, na kabla haijakauka gusisha umanjano kidogo tumboni, uuache usambae wenyewe. Ukingo wa bawa ubaki mkali. Wa tumbo ulainishe kwa brashi yenye unyevu. Usihesabu manyoya! Wengi huharibu hapo.

Msimu wa kuzaliana, utosi, kifua na mgongo wake huingia rangi ya chungwa hafifu. Hiyo nayo iwekwe karatasi ikiwa na unyevu. Pwani wakati wa masika utasubiri sana ikauke. Bara wakati wa kiangazi, fanya haraka.

Unyoya mmoja mmoja unaopita juu ya nyasi hukwaruzwa kwa ncha ya wembe, kazi ikishakauka kabisa. Karatasi nyembamba itachanika. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiimudu.

Mwisho mdomo wa manjano, na jicho, ukiacha kitone cha karatasi ndani yake. Jicho likae karibu kabisa na shina la mdomo. Likipanda kidogo tu, umechora kuku.