BEI YA GARI BAADA YA KUTIA SAHIHI: Kipi chaweza kupunguzwa na kipi hakipunguzwi

BUSWELU, Mwanza – Mnunuzi wa gari aliyekwisha kutia sahihi mkataba hana tena haki ya kudai bei ishushwe kwa sababu tu amekuta gari kama hilo likiuzwa nafuu kwenye yadi ya jirani. Hata hivyo, sahihi haifungi mlango wote. Ipo mianya ambayo sheria yenyewe imeiacha wazi, na mnunuzi anayeifahamu anaweza kuokoa mamilioni ya shilingi. Asiyeifahamu huweza kupoteza fedha yake ya awali pamoja na gari.

Suala hili si dogo kwa mfanyabiashara wa Buswelu, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela. Canter ya kubebea dagaa kutoka mwalo wa Kirumba, Hiace ya abiria au Noah ya familia inayofanya pia kazi ya kukodishwa, mara nyingi ndiyo mtaji wote wa mwenye nayo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lifunguliwe Juni 2025, gari la mizigo linavuka kwenda Sengerema na Geita bila kusubiri kivuko. Anayekosea kwenye bei ya kununua ataifidia hasara hiyo safari baada ya safari.

Ieleweke pia kuwa kwa wanunuzi wengi wa Kanda ya Ziwa "gari jipya" si lile lililotoka kiwandani jana. Ni gari lililotumika Japani na kuingia nchini kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mkataba wake una mambo mengi ya kubishaniwa: mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kilometa zilizotembea na ushuru uliolipwa.

SAHIHI INAFUNGA NINI

Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya watu wenye uwezo wa kisheria, waliokubali kwa hiari yao na kwa malipo halali, ni mkataba. Kabla ya sahihi pande mbili zinapatana bei. Baada ya sahihi kinachofanyika si kupatana tena bali ni kubadili mkataba, na kifungu cha 62 kinaruhusu mabadiliko hayo endapo pande zote mbili zimekubali. Mmoja akikataa, bei ya zamani inabaki.

Wapo wanaoamini kuwa mnunuzi anazo siku tatu za kujirudi. Imani hiyo haina msingi katika Sheria ya Mikataba wala katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Hata Marekani, yenye kanuni ya siku tatu kwa baadhi ya mauzo ya mlangoni, kanuni hiyo haimhusu mtu aliyekwenda mwenyewe kwa muuzaji wa magari akatia sahihi pale pale. Atakayetaka muda wa kufikiri lazima auombe uandikwe ndani ya mkataba.

MIANYA MINNE

Wa kwanza ni maelezo yasiyo ya kweli. Tuseme mkataba unataja gari la mwaka 2012, lakini hati za kutoka Japani zinaonyesha 2009. Kifungu cha 19 kinampa mnunuzi njia mbili: kuuvunja mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo yale yangekuwa kweli. Njia hii ya pili ndiyo lango la kuzungumza bei upya. Lakini kifungu hicho hicho kina onyo. Mnunuzi aliyekuwa na njia ya kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida anaweza kunyimwa haki ya kuuvunja mkataba. Aliyekabidhiwa hati akazikunja bila kuzisoma atapata shida ya kulalamika baadaye.

Wa pili ni kasoro za gari lenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea. Akigundua kasoro kubwa kabla ya kupokea, anaweza kulikataa gari. Akikwisha kulipokea, kwa kawaida hawezi tena kulirudisha, ila bado anaweza kuitumia kasoro hiyo kupunguza bei anayodaiwa.

Kipimo cha punguzo ni tofauti ya thamani. Endapo gari kama lilivyoelezwa lingekuwa na thamani ya shilingi 28,000,000, na kwa hali lilivyokutwa lina thamani ya shilingi 25,000,000, hoja ya mnunuzi ni shilingi 3,000,000. Mnunuzi anayedai milioni nane kwa kasoro ya milioni tatu humpa muuzaji sababu ya kufunga mazungumzo. Karatasi ya fundi yenye tarehe, orodha ya vifaa vibovu na bei zake ina uzito kuliko maneno makali.

Wa tatu ni gharama zisizoandikwa. Siku ya kukabidhiwa gari, mnunuzi huletewa orodha mpya: usajili, namba, bima, usafiri wa gari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Kama mkataba unasema bei ni ya gari likiwa Mwanza na limesajiliwa, muuzaji hana haki ya kuongeza. Kama mkataba uko kimya, hapo pana mazungumzo, na mnunuzi anaweza kukataa kile ambacho hakukubaliana nacho.

Wa nne ni kuchelewa. Gari la biashara lililoahidiwa tarehe 1 likafika tarehe 30 limemnyima mnunuzi mapato ya mwezi mzima. Lakini anayelipokea gari lililochelewa bila kutoa taarifa siku hiyo hiyo kuwa atadai fidia, sheria inamhesabu kama aliyesamehe. Mstari mmoja ulioandikwa kwenye hati ya makabidhiano unatosha kuilinda haki hiyo.

DOLA NA SHILINGI

Hakuna jambo lililobadili bei za magari baada ya sahihi kuliko thamani ya shilingi. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ya Marekani ilivuka shilingi 2,600. Desemba ya mwaka huo ilishuka hadi karibu shilingi 2,400. Aliyetia sahihi katikati ya mwaka na kumaliza malipo mwishoni alikutana na hesabu mbili tofauti.

Mfano: bei ni dola 12,000, na siku ya sahihi dola moja ni shilingi 2,650. Bei hiyo ni sawa na shilingi 31,800,000. Mnunuzi analipa asilimia 30, yaani dola 3,600 au shilingi 9,540,000. Zinabaki dola 8,400, ambazo siku hiyo ni shilingi 22,260,000. Dola ikishuka hadi shilingi 2,400, deni hilo linakuwa shilingi 20,160,000. Nafuu ni shilingi 2,100,000.

Je, nafuu hiyo ni ya nani? Kama mkataba uliandikwa kwa dola, ni ya mnunuzi bila kumbembeleza mtu. Kama uliandikwa kwa shilingi, ni ya muuzaji, na mnunuzi anaweza kuiomba tu. Mambo huenda kinyume pia: mwaka 2023, shilingi ilipokuwa ikishuka, waliofunga bei kwa shilingi ndio waliopona.

Ikumbukwe kuwa nafuu ilipatikana kwenye dola 8,400 zilizobaki tu. Zile 3,600 zilizolipwa mapema hazikurudi mezani. Fedha ambayo haijatoka mfukoni ndiyo nguvu ya mnunuzi.

Kuanzia 28 Machi 2025 hali imebadilika. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Yadi ya Mwanza inapaswa kuandika bei kwa shilingi. Ununuzi wa moja kwa moja kutoka kwa muuzaji aliyeko Japani ni biashara ya nje, na huko malipo ya dola yanaendelea. Kwa hiyo anayenunua yadini sasa, asipoweka kifungu cha kurekebisha bei, ameifunga bei hiyo kwa uzuri na kwa ubaya.

MUUZAJI NAYE AKITAKA KUPANDISHA

Kanuni ni ile ile. Muuzaji aliyetia sahihi hawezi kuongeza bei peke yake eti gharama zimepanda. Hatari kubwa iko kati ya Juni na Julai. Bajeti ya Serikali husomwa Juni na viwango vipya vya kodi kwa kawaida huanza 1 Julai. Gari lililowekewa mkataba Mei likatolewa bandarini Julai huweza kukutana na ushuru tofauti, hasa kwa kuwa magari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada. Mkataba mzuri unataja wazi nani atabeba kodi ikipanda, na nani atafaidi ikishuka. Wauzaji wengi huandika la kwanza na kusahau la pili.

FEDHA YA AWALI

Silaha ya muuzaji ni fedha aliyokwisha kuipokea. Mnunuzi akigoma kulipa bila sababu ya kisheria, yeye ndiye mvunja mkataba, na chini ya kifungu cha 73 muuzaji anaweza kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, kwa mfano tofauti ya bei endapo gari litauzwa kwa mtu mwingine kwa bei ya chini.

Hata hivyo, hasara hiyo ina mipaka. Kifungu cha 74 kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, anayestahili hupata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho, wala si lazima apate chote. Hapa jina la fedha lina maana. Iliyoitwa arbuni, yaani ya kuthibitisha nia, mara nyingi hupotea. Iliyoitwa sehemu ya bei ina nafasi nzuri zaidi ya kurudishwa baada ya kukata hasara halisi. Tofauti ya neno moja kwenye risiti yaweza kuwa tofauti ya milioni tisa.

PUNGUZO LIANDIKWE

Muuzaji akikubali kupunguza, je, anaweza kugeuka kesho yake? Kwa sheria ya Uingereza, tangu hukumu ya Foakes dhidi ya Beer ya mwaka 1884, ahadi ya kupokea pungufu ya deni ilihitaji kupewa kitu kingine badala yake. Sheria ya Tanzania, iliyofuata ile ya India ya mwaka 1872, ni nyepesi zaidi: kifungu cha 63 kinamruhusu anayedai kusamehe deni lote au sehemu yake. Shida basi si uhalali wa punguzo bali ni ushahidi wake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haikubali madai mahakamani kwa mauzo ya shilingi 200 au zaidi isipokuwa kuna maandishi, au mnunuzi amepokea sehemu ya mali, au ametoa arbuni au sehemu ya bei. Aidha, hati inayopaswa kulipiwa ushuru wa stempu na isilipiwe haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe.

Wapo wanaokubaliana kuandika bei ndogo kwenye mkataba na risiti ya mashine ya EFD ili kukwepa kodi. Mbali na kuwa ni kosa, mnunuzi wa namna hiyo amejikata mguu. Aliyelipa milioni 30 na kukubali risiti ya milioni 18 hana namna nyepesi ya kudai punguzo, kwani karatasi zake zinasema alikwisha kupata gari kwa bei poa.

HATUA ZA KUFUATA

Mnunuzi mwenye hoja anashauriwa kwanza kuusoma mkataba wake upya na kuweka alama kwenye kifungu anachokitegemea. Pili, alikague gari na hati zake kabla ya kupokea ufunguo, si baada. Tatu, apeleke barua inayotaja kasoro, kiasi anachodai na siku ya kujibiwa, na abaki na nakala iliyopokelewa. Nne, aendelee kuonyesha kuwa yuko tayari kulipa sehemu isiyobishaniwa, ili asihesabiwe mvunja mkataba. Tano, makubaliano yakifikiwa, yaandikwe kama nyongeza ya mkataba yenye namba ya chasisi, bei mpya, salio na sahihi za pande zote.

Muuzaji akikataa kabisa na hoja ikawa ni udanganyifu kuhusu bidhaa, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani chini ya sheria yake ya mwaka 2003, au mahakamani. Lakini kesi hula muda, na gari lililosimama halileti hesabu ya siku. Kwa sababu hiyo punguzo la wastani lililokubaliwa kwa maandishi wiki hii huweza kuwa na faida kuliko ushindi mkubwa wa mwaka kesho. Nafuu kuliko yote ni kupatana bei kalamu ikiwa bado mezani.