Injini Mbili, Kosa Moja: Namna ya Kutafuta Hitilafu katika Boti ya Jeti

Boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia chini ya maji, wala haina usukani wa ubao. Ndani yake mna pampu inayoendeshwa na injini. Pampu hiyo hufyonza maji kupitia tundu lililo chini ya boti, huyapa kasi kwa gurudumu lenye mapanga liitwalo impela, kisha huyatupa nyuma kupitia mdomo mwembamba. Maji yakirushwa nyuma, boti husukumwa mbele.

Chombo cha namna hii kilipata umaarufu kwa kazi ya William Hamilton, mkulima na mhandisi wa New Zealand. Mwaka 1954 aliunda boti ya kupita katika mito ya nchi yake yenye maji machache na mawe mengi, ambamo rafadha ya kawaida ingevunjika. Mwaka 1960 boti za muundo wake zilipanda mto Colorado, huko Marekani, zikipingana na mkondo katika bonde la Grand Canyon. Siku hizi boti nyingi za jeti hufungwa injini mbili, kila moja ikiwa na pampu yake na mkono wake wa akseleta.

Akseleta Ndiyo Usukani

Nahodha wa boti ya jeti akizungusha usukani, hugeuza midomo inayotupa maji. Kwa hiyo, maji yasipotupwa kwa nguvu, usukani hauna kazi. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa. Mtu aliyezoea gari, akiona kizuizi mbele yake, hufunga akseleta upesi na kukata kona. Gari litamtii, lakini boti ya jeti itaendelea kwenda mbele moja kwa moja hadi kasi yake iishe. Baadhi ya boti za kisasa zimetiwa mapezi madogo ya kusaidia kugeuka wakati akseleta imefungwa, lakini mapezi hayo hayaondoi hatari yote.

Yafaa ieleweke basi kwamba hitilafu ya akseleta katika boti ya jeti si adha ya mwendo tu, bali ni hitilafu ya usukani pia. Injini inayozimika ghafula karibu na gati humnyima nahodha njia ya kukwepa. Ama akseleta ikikwama ikiwa wazi, ni vema kwanza kuielekeza boti mahali palipo wazi, ndipo injini zizimwe. Kwa maana zikishazimwa, boti haitageuka tena.

Injini Mbili ni Mizani

Fundi wa boti yenye injini mbili ana bahati. Ana injini nzima ya kulinganisha na ile iliyo mgonjwa. Kabla ya kufungua parafujo hata moja, na ajiulize: je, ni injini moja inayosumbua, au ni zote mbili? Zikiwa zote mbili, kosa litafutwe kwanza katika vitu zinavyoshirikiana, kama vile tangi la petroli, petroli yenyewe na tundu la hewa la tangi. Ikiwa ni moja tu, litafutwe katika vitu vilivyo vya injini hiyo peke yake: kebo, chujio, plagi, koili, vihisi na pampu ya maji. Lakini ikumbukwe kuwa boti nyingine zina mirija miwili ndani ya tangi moja, na maji yaliyotuama chini yaweza kuanza kuingia katika mrija mmoja. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, kiasi kidogo cha mafuta kikitiwa ndani ya chupa nyeupe na kuachwa kitulie, maji yataonekana yamejitenga chini.

Hata sikio ni kipimo. Injini ya silinda 4 na mipigo minne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hulipua mafuta mara 100 kwa sekunde. Ikiwa mwenziwe inazunguka mara 2,970, hiyo hulipua mara 99. Milio hiyo miwili ikikutana, husikika mvumo unaopanda na kushuka mara moja kila sekunde. Mvumo ukiongeza haraka, tofauti imekua. Ukitoweka, injini zinakwenda sawa. Kwa njia hii nahodha hugundua pia kama geji ya mizunguko inasema kweli.

Mizunguko Mingi, Mwendo Mdogo

Injini ikivuma kwa mizunguko mingi huku boti ikijikokota, yaelekea injini ni nzima na kosa limo katika pampu. Pengine majani au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kufyonzea; pengine jiwe limepinda mapanga ya impela; pengine nafasi kati ya impela na ukuta wake imepanuka. Nafasi hiyo hupimwa kwa sehemu za milimita moja, na ikizidi kiasi, maji hurudi nyuma badala ya kusukumwa. Aghalabu fundi asiyejua hufungua injini bure, ilhali dawa ni kutoa uchafu. Mkono usiingizwe kabisa katika pampu kabla injini zote hazijazimwa na funguo kuondolewa.

Mizunguko Michache

Injini isipofikia mizunguko ya mwenziwe, ianzwe akseleta. Injini zikiwa zimezimwa, mtu mmoja asukume mkono hadi mwisho, na mwingine atazame iwapo kilango cha hewa kwenye injini kinafunguka chote. Kebo iliyoingia kutu, au iliyochomoka katika kibanio chake, hufanya mkono ufike mwisho huku kilango kikiwa nusu. Pasipo na kebo, mkono hutuma habari kwa umeme. Hapo yachunguzwe maungio ya nyaya, ambayo chumvi huyala upesi. Betri nayo ipimwe: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6.

Injini ikigoma kupita kiwango kimoja cha mizunguko, huenda kompyuta yake imeizuia makusudi kwa sababu ya joto kali au oili kupungua. Kizuizi hicho ni kinga, na kukidanganya ni kuiua injini.

Kubadilishana Vipuri

Inapobaki shaka, koili au plagi ya injini mbovu ihamishiwe katika injini nzima, na ile ya nzima iletwe huku. Kosa likihama pamoja na kipuri, mwizi amekamatwa. Likibaki palepale, kipuri hakina hatia. Masharti ni mawili: vipuri viwe vya aina moja, na kibadilishwe kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja aweza kuiponya injini asijue alichoponya, na kosa likirudi ataanza upya. Kompyuta za injini zisihamishwe pasipo idhini ya kitabu cha mwundaji.

Katika kazi zote hizi, mvuke wa petroli usisahauliwe. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya sakafu, na cheche moja yatosha kuulipua. Kifuniko cha injini kifunguliwe, harufu inuswe, na feni ya kutolea mvuke iendeshwe kwa dakika 4 au zaidi kabla ya kuwasha. Baada ya matengenezo, boti ijaribiwe mahali penye maji tulivu na nafasi ya kutosha, kila injini peke yake, kisha zote pamoja. Abiria wangoje pwani hadi nahodha ahakikishe kwamba mikono yote miwili inafunguka, inafunga, na inarudi bila kukwama.