Kinga ya Watumishi wa Maabara

Kila asubuhi, hapa Unguja na kule Pemba, mgonjwa hunyoosha mkono akatolewa damu, kisha akaenda zake kungoja majibu. Anayebaki na damu ile ni mtumishi wa maabara. Huenda ndani yake mna virusi vya homa ya ini aina ya B, visivyoonekana kwa macho, na ambavyo vyaweza kuishi juu ya meza siku 7 au zaidi hata damu ikiwa imekwisha kauka.

Mtumishi asiye na kinga akichomwa na sindano yenye virusi hivyo, hatari ya kuambukizwa yaweza kufikia asilimia 30. Watu wazima wengi hupona. Baadhi hubaki na maradhi hayo maisha, na mwisho wake waweza kuwa ini kusinyaa au saratani.

Chanjo imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, watoto wa Tanzania walianza kuipata mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuikuta utotoni. Wao wanahitaji dozi 3 katika miezi 6. Tena wapo wachache wanaochanjwa wasipate kinga, na hao hawajulikani ila kwa kupimwa damu, mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho.

Tunaishauri Wizara ya Afya kwamba kila aingiaye maabara, hata mwanafunzi na msafishaji, aanzishiwe chanjo siku ya kwanza, na majibu ya kinga yake yaandikwe daftarini. Hiyo isiwe hisani, bali haki. Anayepima damu zetu, naye apimwe yake.