Muuza dawa hujua kabla ya daktari

Mgonjwa wa pumu akianza kuzidiwa, wa kwanza kujua si daktari. Ni kijana wa duka la dawa mtaani. Yeye ndiye anayemwona mteja yuleyule akirudi kila baada ya wiki mbili tatu kununua inhela ya bluu, mabega yamepanda, akikatiza maneno ili avute pumzi. Anampa dawa, anapokea hela, anamhudumia mwingine.

Inhela moja ya salbutamol, hiyo ya bluu, kwa kawaida ina mipulizo 200. Anayemaliza 12 kwa mwaka amejipulizia mara 2,400, yaani sita au saba kila siku. GINA, jopo la kimataifa linaloandaa miongozo ya pumu, linaonya kwamba kuanzia inhela tatu kwa mwaka, hatari ya kubanwa vibaya inaongezeka, na kuanzia 12 inaongezeka hatari ya kufa. Uingereza, pamoja na matibabu yake ya bure, ilichunguza vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Asilimia 45 ya marehemu hao hawakutafuta msaada, au walikata roho kabla tiba ya dharura haijawafikia. Na kati ya waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza kifua kama hiyo ya bluu, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa inhela zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za dawa zao wenyewe.

Inhela ya bluu hulegeza misuli inayobana njia za hewa, basi. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo hauguswi. Huo hutibiwa kwa steroidi ya kuvuta, ambayo wengi wanaijua kwa rangi ya kahawia, na huvutwa kila siku hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Mwenye hela ya dawa moja tu atachukua ile inayofungua kifua sasa hivi, na simlaumu. Lakini tangu mwaka 2019 GINA inasema hakuna mtu mzima wala kijana anayepaswa kutibiwa kwa ile ya bluu peke yake.

Wapo pia wanaoikwepa inhela kabisa. Mtaani husemwa kwamba "inazoesha", ukiianza huiachi mpaka kaburini. Basi wanakimbilia vidonge. Mpulizo mmoja una mikrogramu 100 za salbutamol. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa ya mipulizo 40. Kinapitia tumboni na kusambaa mwili mzima, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Kinachoogopwa, ajabu, ni kile kiasi kidogo cha inhela.

Pumu kali yenyewe ni jambo jingine. Ni ile isiyotulia hata mgonjwa anapovuta steroidi ya dozi kubwa pamoja na dawa nyingine, anaivuta ipasavyo, na vichochezi kama moshi wa kuni vimeshughulikiwa. Wagonjwa wa aina hiyo hawafiki mmoja kati ya kumi. Lakini hapa kwetu nani atawatofautisha na wale ambao hiyo ya kahawia hawajawahi hata kuishika? Wote huletwa hospitalini usiku, huvutishwa mvuke wa dawa kwa mashine, hupewa prednisoloni, steroidi ya kumeza, na kurudishwa nyumbani kunapokucha. Prednisoloni ya mara kwa mara hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huleta mtoto wa jicho. Kwingineko wagonjwa hawa huchomwa sindano kama omalizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Kwa mshahara wa kawaida wa hapa, bei yake haizungumziki.

Si kila kitu kinangoja mamilioni, hata hivyo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na inhela ikapachikwa bila kuvujisha, humfaa mtoto aliyebanwa sawa na kifaa maalumu cha kuvutia dawa.

Na daftari nalo ni rahisi. Duka la dawa liandike nani amenunua inhela ya bluu na lini. Akirudi kuchukua ya tatu ndani ya mwaka, auziwe, maana kumnyima ni kumuua, ila aondoke na karatasi ya kumpeleka kliniki. Na kliniki hiyo iwe na inhela ya kahawia kabatini, si jina lake tu kwenye orodha ya dawa.