Kumbukumbu ya Simu na Programu za Chinichini

Simu ya Android ina hifadhi za aina mbili, na ushauri mwingi mbaya kuhusu simu huanzia pale zinapochanganywa. Ya kwanza ni hifadhi ya kudumu, ambamo hukaa picha, video, nyimbo na programu zenyewe. Simu ikizimwa, vyote hivyo hubaki. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoandikwa RAM kwenye boksi la simu. Humo huwekwa vile tu ambavyo prosesa inavihitaji kwa wakati huo, na simu ikizimwa hufutika vyote. Simu inayouzwa kwa jina la "64 na 3" ina GB 64 za hifadhi na GB 3 za kumbukumbu.

Kwa mkaazi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Mkoani, kusini magharibi ya Pemba, tofauti hiyo inafanana na ya ghala na mashua. Ghala linaweza kubeba magunia ya msimu mzima. Mashua haichukui mengi, lakini hakuna gunia linalovuka maji bila kupitia humo. Mtu anayefuta picha mia mbili ili simu "iwe nyepesi" amepunguza mzigo ghalani. Nafasi ya mashua iko vilevile.

Kosa la pili hutokana na namba. Mtumiaji anaingia kwenye mipangilio, anakuta GB 2.4 kati ya 3 zimetumika, na moyo unamruka. Hapana la kuogopa hapo. Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux kumbukumbu iliyokaa tupu huhesabiwa kuwa imepotea bure. Nafasi ikiwepo, mfumo huijaza kwa makusudi: huweka vipande vya mafaili yaliyosomwa karibuni ili visisomwe upya kutoka kwenye hifadhi, na huziacha programu zilizotumika asubuhi zikae tayari kwa jioni. Chipu za kumbukumbu hula umeme uleule zikiwa tupu au zimejaa. Kuzimwaga, basi, hakuokoi chaji.

Programu inapoachwa kwa kurudi kwenye skrini ya mwanzo, haifungwi. Hubaki kwenye kumbukumbu ilivyokuwa, na ikiitwa tena hurejea kwa kufumba na kufumbua. Katika hali hiyo mara nyingi haifanyi kazi yoyote, imelala. Tangu Android 11, iliyotoka mwaka 2020, mfumo una uwezo wa kuzizuia kabisa programu zilizolala zisiiguse prosesa. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawajaelezwa: kukaa kwenye kumbukumbu ni kitu kimoja, na kufanya kazi chinichini ni kitu kingine. La kwanza halina gharama. La pili ndilo linalokula chaji na bando.

Kumbukumbu ikikaribia kwisha, Android haimsubiri mtumiaji. Kila programu iliyo hai ina alama yake, nayo hubadilika kila hali ya programu inapobadilika. Inayoonekana kwenye skrini ina alama ya ulinzi mkubwa kuliko zote. Chini yake iko ile inayofanya kazi ambayo mtumiaji anaifahamu japo haitazami, kama redio inayosikika au ramani inayoongoza njia. Halafu zinakuja huduma ndogondogo, na mwisho kabisa zile zilizolala. Nafasi inapobana, mlinzi wa kumbukumbu huanza kuondoa kutoka chini kwenda juu. Ndivyo anavyofanya nahodha bahari inapochafuka: hutosa shehena kwanza, tena ile ambayo hasara yake ni ndogo, na abiria hawaguswi. Zamani kazi hiyo ilifanywa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018 ilihamishiwa kwenye programu maalumu ya mfumo, na Android 10 iliongeza kipimo kinachoangalia ni muda gani kazi zinasimama kusubiri nafasi. Kipimo hicho ni bora kuliko kuhesabu tu megabaiti zilizobaki.

Kwa hiyo desturi ya kufungua orodha ya programu za karibuni na kuzifagia zote kwa kidole, mara kumi kwa siku, ni kumnyang'anya nahodha usukani. Programu iliyofagiwa ikihitajiwa tena hulazimika kusomwa upya kutoka kwenye hifadhi, ijenge upya kurasa zake na mara nyingine ivute upya data kutoka kwenye mtandao. Kazi hiyo hula chaji zaidi kuliko kuiacha ilale. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android ndani ya Google, alieleza hadharani kwamba kufunga programu kwa namna hiyo hakusaidii betri na kunaweza hata kuidhuru kidogo. Kufagia kuna mahali pake: programu iliyoganda, isiyojibu kidole. Hiyo ifagiwe peke yake.

Vibaya zaidi ni zile programu za "usafi" na "kuongeza kasi", zinazochora duara jekundu na kudai zimeokoa megabaiti mia saba. Nazo ni programu kama nyingine: zinakaa kwenye kumbukumbu, zinaamka chinichini, na nyingi huleta matangazo. Zinachofunga leo hurudi baada ya dakika chache, kwa sababu mfumo wenyewe hukiita tena. Google imewabana watengenezaji wa programu hizo. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, programu ya kawaida haina tena ruhusa ya kuua michakato ya programu nyingine. Aliye na programu ya namna hiyo kwenye simu yake atafaidika kwa kuiondoa.

Kazi za chinichini zina historia yake. Katika simu za mwanzo karibu kila programu iliweza kuamka ilipotaka, na watumiaji walikuwa na haki ya kulalamika kwamba chaji haifiki jioni. Mwaka 2015 Android 6 ilileta usingizi wa jumla: simu ikiwekwa chini, skrini ikiwa imezimwa na chaja haijachomekwa, mfumo huzikusanya kazi zote na kuziruhusu zifanyike kwa vipindi vifupi, na muda kati ya kipindi na kipindi huzidi kurefuka. Ujumbe wenye haraka, pamoja na kengele ya saa ya simu, hupita. Android 7 ikaongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Mwaka 2017 Android 8 ilikata mzizi wa tatizo: programu iliyotoka kwenye skrini hupewa dakika chache tu, kisha huduma zake husimamishwa, isipokuwa ikionyesha arifa ya wazi kwamba inafanya kazi. Android 9 ilizipanga programu kwa madaraja kulingana na zinavyotumiwa; inayofunguliwa mara moja kwa mwezi hupata nafasi chache za kuamka. Tangu Android 12, ile iliyosahaulika kwa miezi huondolewa ruhusa zake, husafishwa akiba yake na kunyamazishwa.

Ujumbe nao hauhitaji kila programu iwe macho. Simu zenye huduma za Google huweka njia moja ya pamoja ya kupokea arifa, na programu husika huamshwa pale tu kitu kinapofika.

Shida inayowapata watu wengi sasa imegeuka upande wa pili: simu inazizima programu mno. Watengenezaji wengi wa simu huongeza juu ya Android walinzi wao wa betri, na baadhi ni wakali kuliko Android yenyewe. Matokeo yake huonekana pale ambapo wakati ni kila kitu. Programu ya adhana inanyamaza alfajiri, au kengele yake ya daku hailii. Mkulima wa mwani aliyeweka kikumbusho cha maji ya bamvu anakipata bahari imeshajaa. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikatumwa kwenye kundi la wavuvi, inaingia kwenye simu pale tu mwenyewe anapofungua programu, na huenda chombo kimeshatoka. Hayo si mambo madogo kwa kisiwa ambacho kila safari ni ya majini.

Dawa yake iko kwenye mipangilio, na inafaa kutumiwa kwa programu chache tu, mbili au tatu ambazo kimya chao kina madhara. Katika ukurasa wa programu husika, sehemu ya betri, huchaguliwa kwamba isiwekewe vizuizi. Kwa programu za adhana na vikumbusho kuna ruhusa nyingine ya kuangaliwa, ile ya kengele za wakati kamili. Tangu Android 14 programu nyingi mpya haziipati mpaka mtumiaji aitoe mwenyewe. Kwa jambo lisilovumilia kukosewa, kengele ya saa iliyokuja na simu ndiyo ya kutegemewa, kwa kuwa usingizi wa simu hauizuii.

Kitufe cha kulazimisha programu isimame kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Programu iliyosimamishwa kwa kitufe hicho haipokei arifa wala haiamki kwa kengele hadi ifunguliwe tena kwa mkono. Mtu anayeisimamisha programu yake ya ujumbe kila usiku ili "kupumzisha simu" ameyafungia nje maneno ya jamaa zake.

Kumbukumbu ya nyongeza inastahili maelezo, maana imekuwa chambo cha biashara. Simu hunadiwa kuwa na "GB 8", na kwa maandishi madogo ikaelezwa kuwa ni 4 na 4. Nne za mwanzo ni chipu halisi. Nne za pili ni kipande cha hifadhi ya kudumu kilichoazimwa ili kupokea programu zilizolala. Hifadhi hiyo ni ya polepole sana ikilinganishwa na kumbukumbu halisi, na seli zake huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Inaweza kusaidia programu moja au mbili zisifutwe. Haiigeuzi simu ya GB 4 kuwa ya GB 8. Iliyo bora ni mbinu nyingine ambayo Android iliikazania tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, lililokusudiwa kufanya kazi hata kwenye simu za MB 512: data iliyolala hubanwa ikae palepale kwenye kumbukumbu, mfano wa nguo zilizokunjwa sandukuni, na ikihitajiwa hukunjuliwa. Hugharimu kazi kidogo ya prosesa na haihitaji kuguswa na mtumiaji.

Simu inapokuwa nzito kweli, sababu mara nyingi iko kwingine. Hifadhi iliyojaa pomoni huongoza, kwa kuwa chipu zake huhitaji nafasi tupu ili ziandike kwa kasi. Kwenye simu za watu wengi kinachoijaza ni video na picha za makundi zinazojipakua zenyewe. Kuzima upakuaji huo kwenye WhatsApp huokoa hifadhi na bando kwa pamoja. Joto nalo: simu iliyoachwa juani ndani ya chombo hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi ili isiungue, na hapo hakuna kufagia kutakakosaidia. Mawimbi hafifu ya mtandao hula chaji kwa namna ileile ya kimyakimya, kwani simu hulazimika kuongeza nguvu ili ifikie mnara wa mbali. Penye mtandao wa kubahatisha, kuweka simu kwenye hali ya ndege kwa muda huokoa chaji nyingi kuliko kufunga programu ishirini, ingawa wakati huo haitapokea simu wala ujumbe. Kuizima na kuiwasha upya mara moja moja kunatosha kurudisha kumbukumbu iliyoshikiliwa bure na programu zenye kasoro.

Kwa wenye simu za GB 1 au 2, njia ya maana ni kupunguza idadi ya programu zenyewe. Matoleo mepesi, kama Facebook Lite iliyotoka mwaka 2015, yalitengenezwa kwa ajili ya simu hizo. Huduma za pesa hazilazimishi programu kabisa: menyu ya *150*00# ya M-Pesa na nyingine za aina yake hupita kwenye mtandao wa simu moja kwa moja, hazikai kwenye kumbukumbu na hazili bando.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa madukani, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya MB 192. Toleo jepesi la Android lililotangazwa mwaka 2017 lilikusudiwa simu zisizozidi GB 1. Lilipofika Android 13, toleo hilohilo jepesi lilidai angalau GB 2. Kiwango kinapanda, na chipu ya kumbukumbu ya simu haiongezeki baada ya kununuliwa. Anayevuka kwenda Mkoani au Chake Chake kutafuta simu mpya na amuulize muuzaji RAM halisi ni ngapi kabla ya nyongeza, na kama jibu halieleweki, akague mwenyewe kwenye mipangilio ya simu kabla hajatoa fedha.