Mchungaji wa Baringo Aliyeingia Barazani

Watoto, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu aliyeishi kweli.

Mwaka 1924, huko Sacho katika vilima vya Baringo nchini Kenya, alizaliwa mvulana katika familia ya wafugaji wa Kitugen. Jina lake Toroitich. Baba yake, Kimoi, alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na kaka yake mkubwa huku akichunga mifugo.

Mwaka 1934 akapelekwa shule ya wamisionari, Kabartonjo. Huko akabatizwa Daniel. Akaendelea na masomo Kapsabet, akasomea ualimu Tambach, akafundisha hadi akawa mwalimu mkuu. Mmeshamjua? Naam, ni Daniel arap Moi.

Zama hizo Waingereza ndio waliotawala, na sheria zilitungwa na Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi. Moi aliingia humo mwaka 1955 kwa kuteuliwa. Mwaka 1957 Waafrika wakapiga kura kwa mara ya kwanza, ila si wote. Ilibidi uwe na elimu, mali au kipato fulani, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu! Wakachaguliwa Waafrika wanane: Moi kutoka Bonde la Ufa, Tom Mboya, Oginga Odinga na wengine watano. Wote wakakataa uwaziri, wakadai kwanza viti vya Waafrika viongezwe.

Uhuru ulipokaribia, wakagawanyika. Chama cha KANU kilipata nguvu kwenye makabila yenye watu wengi. Wafugaji wakaingiwa na wasiwasi: walowezi walitwaa malisho yetu, je, wakiondoka yatarudi kwetu au yatachukuliwa na wengine? Ndipo mwaka 1960 Moi, Ronald Ngala wa Pwani na Masinde Muliro wakaunda KADU. Walitaka majimbo, yaani kila eneo lijitawale katika mambo yake, hasa ardhi. KANU wakajibu kwamba nchi changa ingesambaratika.

KANU ikashinda uchaguzi wa 1963, na tarehe 12 Desemba Kenya ikapata uhuru. Mwaka uliofuata KADU ikavunjwa, Moi akahamia KANU. Mwaka 1978 akawa rais, akatawala miaka 24.

Je, aliyagawa madaraka? La. Aliyakusanya Ikulu. Mwaka 1982 sheria ikaruhusu chama kimoja tu, na wapinzani wengi wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, mzee Moi, aliyekwisha kustaafu, alikuwa miongoni mwa walioipinga.

Basi mkikua, akija mtu kuwaomba kura na kusema madaraka yagawanywe, msikilizeni vizuri, kisha mmuulize: yakifika mikononi mwako, utaanza kugawa lini?